Akiba Haiozi Ikitunzwa: Askari wa Akiba na Askari wa Kudumu

Haya ndiyo maneno ya mazungumzo juu ya askari wa akiba, na jinsi wawezavyo kuunganishwa na askari wa kudumu. Yameelekezwa khasa kwa watu wa Migori na Homa Bay, lakini yanawafaa wote wakaao karibu na mipaka ya nchi.



Wazee husema kwamba akiba haiozi. Kila mkulima wa Rongo au wa Ndhiwa ajua ya kuwa neno hilo ni la kweli, lakini ajua pia kwamba lina sharti lake. Mahindi yasiyokauka vema huota ukungu ghalani, na ghala lisilofunguliwa wala kutazamwa huliwa na wadudu. Mvuvi wa Mbita naye ajua kwamba dagaa wasioanikwa juani hawafiki sokoni. Akiba iliyotunzwa humwokoa mwenyewe siku ya njaa. Akiba iliyosahauliwa yamkini humdhuru aliyeiweka.

Jambo la mazungumzo haya ni akiba ya namna nyingine, yaani akiba ya watu. Kila nchi ina askari wa kudumu, na nchi nyingi zina askari wa akiba wa kuwasaidia. Swali ni hili: watu hawa wa aina mbili wafanyeje ili wawe mkono mmoja? Katika wilaya za mpaka swali hili si la vitabuni. Ni swali la ng'ombe, la nyavu, na la maisha ya watu.

ASKARI WA AKIBA NI NANI

Askari wa kudumu ni mtu ambaye kazi yake ni uaskari tu. Hukaa kambini au kituoni, hupokea mshahara wa Serikali kila mwezi, na huhamishwa toka mahali hata mahali kama wakubwa wake wapendavyo. Askari wa akiba ni mtu mwenye kazi yake nyingine. Yeye ni mkulima, au mvuvi, au mwalimu, au fundi, au mwenye duka. Siku nyingi za mwaka yuko nyumbani kwake. Lakini jina lake limeandikwa katika daftari la Serikali, amefundishwa kazi, naye aitwapo sharti aitike.

Sheria za Kenya zataja akiba ya namna mbili. Ya kwanza ni akiba ya majeshi ya ulinzi. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 yataja akiba ya watu waliokwisha kutumika jeshini, na akiba ya watu wanaojitolea. Ya pili ni polisi wa akiba. Hawa walianzishwa mwaka 1948, wakati wa utawala wa Waingereza, ili wawasaidie polisi wa kawaida. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliwaweka upya kwa jina la Polisi wa Akiba wa Taifa. Mtu wa kuandikwa sharti awe mkazi wa Kenya, awe ametimiza miaka 18, na awe amejitolea kwa hiari yake mwenyewe. Kazi yake ni kuwasaidia polisi kulinda amani, kulinda maisha na mali, kuzuia uhalifu, na kuwakamata wahalifu.

Yafaa kutofautisha hapa. Majeshi ya ulinzi kazi yao kubwa ni kuilinda nchi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 241, yasema kwamba majeshi yaweza kupelekwa kurudisha amani katika sehemu ya Kenya iliyoingiwa na machafuko, lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Basi usalama wa kila siku katika vijiji na fuo ni kazi ya polisi. Ijapokuwa hivyo, shida ya kuwaunganisha watu wa akiba na watu wa kudumu ni ile ile jeshini na polisi, na mafundisho ya upande mmoja hufaa upande wa pili.

KWA NINI JAMBO HILI LAHUSU MIGORI NA HOMA BAY

Mtu akitazama ramani ataona sababu mara moja. Migori imepakana na Tanzania upande wa kusini, na Narok upande wa mashariki, na ziwa upande wa magharibi. Homa Bay ina ufuo mrefu, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano na vingine vidogo. Ng'ombe walioibiwa Kuria usiku waweza kuwa Transmara au Tarime kabla ya jua kuchomoza. Mashini ya mtumbwi iliyoporwa ziwani yaweza kuwa katika maji ya nchi nyingine kabla mwenyewe hajafika pwani kupiga kelele. Mpaka humzuia askari, wala haumzuii mwizi.

Katika mambo kama hayo, askari wa kudumu ana gari, ana simu ya upepo, ana bunduki, na ana mamlaka ya sheria. Lakini pengine yeye ni mgeni. Hajui ni kivuko gani cha mto chenye maji haba, wala ni njia gani ya ng'ombe ipitayo nyuma ya kilima, wala ni upepo gani uvumao ziwani saa kumi ya usiku. Mwenyeji ayajua hayo yote tangu utoto, lakini hana gari, wala simu ya upepo, wala mamlaka. Kila mmoja ana nusu ya kinachohitajiwa. Kuunganisha akiba na kudumu maana yake ni kuziweka nusu hizo mbili pamoja.

Tena katika wilaya hizi wako watu wengi wenye ujuzi wa kazi ya askari. Tangu siku za KAR, Wakuria wamejulikana kwa kuipenda kazi ya jeshi, upande wa Kenya na upande wa Tanzania vile vile. Wajaluo na Wasuba nao wamepeleka vijana wao jeshini na polisi kwa vizazi vingi. Wengi wamestaafu na kurudi mashambani. Elimu yao ni mali ya nchi, na ni hasara kuiacha ilale bure.

Lakini iko hatari ambayo haifai kufichwa. Wakuria wa Kenya wana koo kubwa nne: Abagumbe, Abairege, Abanyabasi na Abakira. Koo hizo zimeoleana na kusaidiana, lakini mara nyingine zimegombana, na ng'ombe ndio chanzo cha magomvi mengi. Mtu akipewa bunduki ya Serikali akarudi nayo nyumbani, jirani wa ukoo mwingine atauliza, "Je, hiyo ni bunduki ya Serikali, au ni bunduki ya ukoo wake?" Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya yote. Askari wa akiba asiyefungamana na askari wa kudumu ni askari wa ukoo wake, hata kama mwenyewe hataki. Aliyefungamana nao ni askari wa taifa.

MAFUNDISHO YA ZAMANI

Kuunganisha akiba na kudumu si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Septemba 1914 vita vya Wajerumani na Waingereza vilifika hata Kisii, na askari wa KAR walipigana huko. Siku zile zile wakulima wa Kizungu wa Kenya walijikusanya kwa vikundi vidogo, kila kikundi na jina lake, na mtu akaja na farasi wake au nyumbu wake. Hawakufaa vitani mpaka vikundi hivyo vilipotiwa katika rejimenti moja iliyoitwa East African Mounted Rifles. Miaka michache baadaye rejimenti ile ilikuwa imepungua sana, kwa kuwa watu wake wengi walichukuliwa kuwa maofisa katika vikosi vingine. Kwa njia hiyo akiba iliyeyuka ndani ya jeshi.

Mwaka 1937 iliundwa Kenya Regiment. Hao nao walikuwa watu wa kazi nyingine waliofundishwa kwa vipindi. Vita Kuu vya Pili vilipotokea mwaka 1939, hawakupelekwa kama kundi la peke yao. Wengi waligawanywa wakawa maofisa na masajini wa KAR. Utaratibu huo ulifanya kazi, kwa sababu kila mtu alijua mapema mahali pake. Lakini ulikuwa na ila kubwa: kwa zaidi ya miaka 20 rejimenti hiyo iliwaandika Wazungu tu, na Waafrika waliokuwa wengi katika majeshi hawakupewa nafasi ndani yake. Akiba iliyochaguliwa kwa rangi au kwa kabila haiwezi kuwa akiba ya taifa. Kenya Regiment ilivunjwa mwaka 1963.

Huko Uingereza kwenyewe mambo hayakuwa mepesi. Akiba yao ilipangwa upya mwaka 1908. Vita vilipoanza mwaka 1914, Waziri wa Vita, Lord Kitchener, hakuwaamini watu hao wa muda, akapendelea kuunda jeshi jipya kabisa. Hata hivyo wale aliowadharau walipelekwa Ufaransa, wakapigana na kufa sawasawa na wengine. Neno la kukumbuka ni hili: adui wa kwanza wa askari wa akiba ni dharau ya askari wa kudumu.

MFANO WA JIRANI: MGAMBO WA TANZANIA

Mfano ulio mkubwa kuliko yote uko karibu sana na Migori, ng'ambo ya mpaka wa Isebania. Mwaka 1971 chama cha TANU katika Tanzania kilitoa Mwongozo wake, na neno moja ndani yake lilikuwa kwamba wananchi wenyewe wafundishwe kuilinda nchi. Basi mgambo wakaanza kufundishwa vijijini na mijini. Walikuwa wakulima, makarani na wafanya kazi wa viwandani. Walijifunza kwata, shabaha na utii, na waliowafundisha walikuwa askari wa jeshi la kudumu.

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, yakaiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Wakati huo jeshi la Tanzania halikufikia watu 40,000. Katika muda wa majuma machache lilizidi watu 150,000. Waliongezwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi, askari wa magereza, na mgambo wapata 40,000. Jeshi hilo liliwatoa wavamizi, likavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa.

Mtu aweza kuuliza, iliwezekanaje mkulima wa jana kusimama pamoja na askari wa miaka kumi? Sababu ziko wazi. Mgambo hakuanza kujifunza siku ya vita; palikuwa na miaka saba ya mafundisho nyuma yake. Mwalimu wake alitoka katika jeshi lile lile alilokwenda kujiunga nalo, kwa hiyo amri alizozisikia vitani zilikuwa ni zile alizozisikia kijijini. Tena lugha ilikuwa moja, Kiswahili, hata mtu wa Mara na mtu wa Mtwara wakaelewana bila mkalimani. Wala hapakuwa na jeshi la mgambo na jeshi la kudumu mbele ya adui. Palikuwa na jeshi moja.

BUNDUKI ZISIZORUDI

Lakini habari hii ina nusu ya pili, na watu wa Migori waijua kuliko wengine. Vita vilipokwisha mwaka 1979, maelfu ya watu walirudi makwao. Wachunguzi waliokaa Tarime miaka ya baadaye waliandika kwamba baadhi ya bunduki na risasi za vita zilirudi pamoja na watu. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulifanywa kwa mikuki na pinde, sasa ukafanywa kwa bunduki. Idadi ya waliouawa ikaongezeka. Moto huo haukusimama Sirare. Ulivuka mpaka, ukawafikia Wakuria wa Kenya.

Hapo pana fundisho ambalo wengi hulisahau. Kuwaingiza watu wa akiba jeshini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwarudisha nyumbani kwa utaratibu: bunduki ihesabiwe, risasi zihesabiwe, na mtu atambuliwe kwa jina. Tanzania ilifaulu sana katika nusu ya kwanza. Katika nusu ya pili, sehemu ya mpakani iliachwa na jeraha.

Wanavijiji waliposhindwa kuvumilia, walijitafutia dawa. Sungusungu, walioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi katika miaka ya 1980, waliingia pia kwa Wakuria, na mnamo mwaka 1998 Wakuria wa upande wa Kenya nao wakaunda vikundi vyao. Viliongozwa na mabaraza ya wazee yaitwayo iritongo, yaliyokuwako tangu zamani. Wizi ulipungua sana, na watu wakashukuru. Lakini sungusungu hawakuwa askari kwa sheria. Washukiwa wengine walipigwa na kutozwa faini bila kufikishwa mahakamani. Nguvu ya watu bila sheria ni kama maji ya mto bila kingo. Hunywesha mashamba leo, na kesho huyazoa.

MAMBO YA KARIBUNI

Kenya imejifunza mambo hayo kwa machungu. Mwezi wa Novemba 1912 haukuwa na polisi wa akiba wa kuliliwa. Mwezi wa Novemba 2012 ulikuwa nao. Katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, askari polisi waliokwenda kufuata ng'ombe walioibiwa walivamiwa, na zaidi ya watu 40 wakauawa. Baadhi yao walikuwa polisi wa akiba, wenyeji wa nchi ile. Wengi wa polisi wa kawaida walikuwa vijana waliotoka chuoni si muda mrefu. Aliyeijua nchi na aliyekuwa na silaha walikwenda pamoja, lakini kwenda pamoja siku ya hatari si sawa na kuwa wamefundishwa pamoja siku za amani.

Kwa miaka mingi polisi wa akiba katika wilaya za kaskazini na Bonde la Ufa walipewa bunduki lakini hawakupewa mshahara. Yakatokea malalamiko kwamba baadhi yao walizitumia bunduki hizo katika wizi. Mwaka 2019 Serikali ilizichukua bunduki za polisi wa akiba katika wilaya kadhaa, ili watu wachunguzwe na kufundishwa upya. Hapo yakatokea malalamiko mengine: wanavijiji walio mbali na vituo walisema wameachwa mikono mitupu mbele ya majambazi. Mwaka 2023, polisi na majeshi walipoanza kazi ya pamoja kuwaandama majambazi katika sehemu hizo, polisi wa akiba waliandikwa tena na kufundishwa. Uganda nayo ilipitia njia kama hiyo: mwaka 2020 iliwaondoa kazini askari wake wa vijiji waliokuwa chini ya jeshi ili wafundishwe upya, baada ya raia kulalamika kwamba waliteswa, na wengine kuuawa.

Mambo hayo mawili, kutoa bunduki bila kuangalia na kunyang'anya bunduki kwa ghafula, ni kosa moja lenye sura mbili. Yote mawili hutokea pale ambapo askari wa akiba ameachwa peke yake.

MAFUNGO MATANO

Ni nini basi kinachomfunga askari wa akiba pamoja na askari wa kudumu? Ukiyatazama yote yaliyokwisha kusemwa, utaona mafungo matano.

La kwanza ni daftari. Mtu aandikwe kwa jina lake, baada ya mwenendo wake kuchunguzwa. Wazee wa mahali waulizwe, lakini wasiulizwe wazee wa ukoo mmoja tu. Katika Kuria kila ukoo uwe na watu wake daftarini. Na kando ya ziwa, wakulima na wavuvi, wenyeji na waliohamia, wake kwa waume, wote wawe na nafasi. Sheria haikusema kwamba mtu wa akiba awe mwanamume.

La pili ni mafundisho ya pamoja. Haitoshi mtu wa akiba afundishwe mara moja kisha aachwe. Afundishwe kila mwaka, na afundishwe pamoja na polisi wa kituo kile atakachokitumikia, ili wajuane kwa nyuso na kwa sauti. Mambo ya kufundishwa si shabaha peke yake. Ajue sheria ya kukamata mtu, ajue ni wakati gani haruhusiwi kabisa kupiga risasi, na ajue kumhudumia aliyejeruhiwa. Polisi naye hana budi kufundishwa na mwenyeji: njia, vivuko, lugha na desturi.

La tatu ni amri moja. Ng'ombe wakiibiwa usiku karibu na Ntimaru, asitokee mtu wa akiba akaita vijana wa ukoo wake wakavuka mpaka kulipiza kisasi. Kazi yake ni kupeleka habari kituoni upesi, kuonyesha njia, na kumfuata kiongozi aliyewekwa. Awapo kazini ni askari chini ya mkuu wa kituo, mwenye nidhamu ile ile na adhabu ile ile. Ng'ombe wakiwa wamekwisha vuka kuingia Tarime, kazi hiyo ni ya polisi wa nchi mbili kuzungumza, si ya mtu mmoja na bunduki yake.

La nne ni silaha yenye hesabu. Kila bunduki iwe na namba, na namba iwe na jina la mtu. Risasi zitolewe kwa hesabu na zirudishwe kwa hesabu. Mahali kituo kilipo karibu, silaha ilale ghalani kituoni na itolewe wakati wa kazi. Mahali kituo kilipo mbali, ikaguliwe mara kwa mara bila taarifa. Mtu akiacha kazi, akihama, au akifariki, silaha irudi siku ile ile. Tarime ya baada ya mwaka 1979 ni shahidi wa kutosha.

La tano ni haki. Mtu anayeacha jembe lake au wavu wake akakesha usiku kwa ajili ya wengine astahili posho. Akiumia atibiwe, na akifa watoto wake wasiachwe bila msaada. Mwajiri wake asimfukuze kazi kwa sababu aliitwa na taifa. Bunduki iliyo mikononi mwa mtu mwenye njaa hutafuta chakula. Hilo lajulikana na wote. Serikali iokoayo fedha kwa kutomlipa askari wa akiba yaweza kulipa mara kumi baadaye, na kulipa si kwa fedha tu.

ZIWA NALO

Yaliyosemwa juu ya ng'ombe yahusu pia samaki. Katika fuo za Homa Bay na Migori viko vikundi vya usimamizi wa fuo, vijulikanavyo kwa herufi BMU. Kazi yao ni kuandikisha mitumbwi, kutunza uvuvi, na kuwakataza watumiao nyavu zisizoruhusiwa. Wao si askari, wala haifai wajifanye askari. Lakini wao ndio wa kwanza kujua ni mtumbwi gani umetoka na haukurudi. Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, kina kazi katika maziwa pia, si katika bahari peke yake. Daftari la ufuoni likisomwa pamoja na daftari la walinzi, mtu aliyepotea hutafutwa mapema, na mashini iliyoibiwa hujulikana kwa namba yake.

Mabishano ya kisiwa cha Migingo, yaliyokuwa makali khasa mwaka 2009 kati ya Kenya na Uganda, yalionyesha jinsi jiwe dogo lenye vibanda vya wavuvi liwezavyo kuzikasirisha serikali mbili. Mahali kama hapo mtu mmoja mwenye silaha asiye na amri aweza kuanzisha jambo ambalo mawaziri watachukua miaka kulituliza. Ndiyo sababu fungo la amri moja ni kubwa zaidi ziwani kuliko nchi kavu.

MASWALI MAWILI

Wako wasemao, "Kwa nini wasiandikwe askari wa kudumu tu, mambo yakaisha?" Jibu ni kwamba hapana nchi yenye fedha za kuweka kituo katika kila kilima na kila ufuo. Tena hata fedha zingekuwako, askari wa kudumu huhamishwa, na ujuzi wa mahali huondoka naye. Mwenyeji hubaki.

Wako wengine wasemao, "Basi wanavijiji waachiwe wajilinde wenyewe." Hao waangalie habari ya sungusungu na habari ya bunduki za Tarime. Kila ukoo ukijilinda wenyewe, kila ukoo utakuwa na jeshi lake, na mwenye ng'ombe wengi atanunua bunduki nyingi. Siku hiyo hakutakuwa na mwizi wala mlinzi. Kutakuwa na maadui tu.

KAZI YA MWANANCHI

Serikali ina sehemu yake, lakini mwananchi naye ana yake. Watu wanapoulizwa barazani juu ya mwenendo wa kijana anayetaka kuandikwa, waseme kweli, wasimfiche mwovu kwa kuwa ni wa ukoo wao, wala wasimzuie mwema kwa kuwa ni wa ukoo wa jirani. Ajuaye ilipo silaha isiyo halali atoe habari. Askari wa akiba akitumia nguvu vibaya, ashtakiwe kwa wakubwa wake au kwa mahakama, asifichwe. Na akifanya vema, apewe heshima yake. Naye askari wa kudumu aliyetumwa Migori au Homa Bay kutoka mbali amheshimu mwenyeji aliye bega kwa bega naye, wala asimwite mtu wa shamba. Usiku wa kazi wote wawili hupita njia moja, na risasi haiulizi nani hulipwa kila mwezi na nani hapati kitu.

Akiba haiozi, kama wazee walivyosema, lakini sharti itunzwe. Ghala la mahindi hutunzwa kwa jua, kwa mikono, na kwa macho ya mwenyewe. Akiba ya watu hutunzwa kwa daftari, kwa mafundisho, kwa amri moja, kwa hesabu ya silaha, na kwa haki. Ikitunzwa hivyo, mwenye ng'ombe wa Kuria atamwona jirani wa ukoo mwingine amebeba bunduki ya Serikali, naye atalala usingizi.